Kidonge cha Sukari na Saratani ya Damu: Jibu kwa Mama wa Kalokol



Ndugu wasomaji, majuma mawili yaliyopita tulipokea barua kutoka Kalokol, mji mdogo ulioko ufuoni mwa Ziwa Turkana, upande wa magharibi. Aliyetuandikia ni mama mzaliwa wa Mombasa ambaye alimfuata mumewe huko miaka mingi iliyopita kwa ajili ya biashara ya samaki wakavu. Jina lake ni amana kwetu, kwa hivyo tutamwita Mama wa Kalokol. Barua yake ilikuwa fupi, lakini tulipoisoma tuliona kwamba swali lake si lake peke yake. Ni swali linaloulizwa kwa sauti ya chini katika nyumba nyingi za Pwani, na pengine katika nyumba yako wewe unayesoma.

Kijana wake wa pili ana umri wa miaka 23. Miaka miwili iliyopita alianza kuchoka bila sababu, kutokwa na jasho usiku, na kuhisi uzito chini ya mbavu za kushoto. Baada ya vipimo vingi aliambiwa ana saratani ya damu ya aina inayokwenda taratibu. Tangu hapo humeza kidonge cha imatinibu kila siku, na alhamdulillahi amerudi kwenye nguvu zake, anafanya kazi na baba yake. Lakini kila baada ya miezi mitatu sharti asafiri kwenda kliniki. Hutoka Kalokol hadi Lodwar, akateremka kusini hadi Kitale, kisha Eldoret. Ni safari ya zaidi ya kilomita mia tatu kwenda peke yake, na gharama zake ni nauli, malazi, na siku za kazi zinazopotea.

Kisha ukaja ujumbe wa sauti katika simu. Msemaji asiyejulikana alidai kwamba wataalamu wamegundua vidonge vya kawaida vya kisukari vinaua saratani ya damu, na kwamba habari hiyo inafichwa kwa sababu vidonge hivyo ni rahisi mno. Mavyaa wake aliyeko Mombasa ana kisukari na humeza metformini asubuhi na jioni. Bibi aliposikia ujumbe ule alifurahi, akasema vidonge vyake ni vingi, atafunga bahasha na kuituma kwa basi. Mama akatuuliza: "Je, nimwachishe mwanangu dawa ya hospitali, nimpe hizi za bibi yake?"

Tunajibu kwanza, kisha tutaeleza. Hapana, mama yetu. Usimwachishe mwanao dawa yake hata siku moja kwa sababu ya ujumbe huo. Hata hivyo hatukukemei kwa kuuliza, kwa kuwa habari ile si uongo mtupu. Ni ukweli uliokatwa kichwa na mkia, na kilichobaki katikati kinaweza kumdhuru mtu. Hebu turudishe kichwa na mkia mahali pake.

Ua lililo uani kwetu

Wazo la kutumia dawa ya maradhi moja kutibu maradhi mengine si geni, na hadithi yake moja inaanzia kwenye ua ambalo wengi wetu tunalo nyumbani. Ni lile ua dogo la petali tano, jeupe au la rangi ya waridi, linaloota hata kwenye ufa wa ukuta na kustahimili jua la Pwani bila kumwagiliwa sana. Asili yake ni Bukini, kisiwa cha jirani zetu. Katika nchi nyingi watu waliyachemsha majani yake na kuyanywa kama dawa ya kisukari.

Mwaka 1952 majani hayo yalitumwa kutoka Jamaika hadi Kanada ili yachunguzwe kama kweli hushusha sukari. Dkt. Robert Noble na mwenzake Charles Beer waliyajaribu kwa wanyama wa maabara. Sukari haikushuka kama ilivyotarajiwa. Badala yake chembe nyeupe za damu za wanyama hao zilipungua mno. Mtu mwingine angeyatupa majani yale, lakini wao walijiuliza: kama kitu hiki kinapunguza chembe nyeupe, je, hakiwezi kumsaidia mgonjwa ambaye chembe zake nyeupe zimezidi kupita kiasi? Mwaka 1958 walikuwa wametenga dawa iitwayo vinblastini. Kampuni ya Eli Lilly ya Marekani, iliyokuwa ikichunguza mmea huohuo, ikatoa ndugu yake vinkristini, iliyoidhinishwa mwaka 1963.

Vinkristini ikafika Afrika Mashariki mapema. Dkt. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji katika hospitali ya Mulago mjini Kampala, alikuwa ameandika mwaka 1958 kuhusu uvimbe wa taya uliokuwa ukiwaua watoto wa Uganda. Uvimbe huo ni saratani ya chembe nyeupe, na leo unajulikana kwa jina lake. Mwaka 1967 kilifunguliwa Kampala kituo cha kuutibu, ambacho ndicho kiini cha Taasisi ya Saratani ya Uganda ya leo, na vinkristini ilikuwa miongoni mwa dawa zilizotumika. Hadi sasa ni nguzo ya matibabu ya lukemia za watoto.

Lakini tuzingatie jambo moja. Hakuna mtoto aliyepona kwa kunywa maji ya majani ya uani. Kilichoponya ni dawa iliyotengwa, ikapimwa na kutolewa kwa kipimo maalumu kupitia mshipa, chini ya macho ya waganga. Baina ya ua na dawa palikuwa na miaka ya kazi. Mmea wenyewe una sumu, na anayeuchemsha nyumbani hajui anakunywa kiasi gani.

Maradhi ya kijana huyu

Damu yetu hutengenezwa ndani ya uboho wa mifupa. Huko kuna seli mama, ambazo wataalamu huziita seli shina, zinazozaa chembe zote za damu. Saratani za damu ni nyingi na hazifanani. Ziko lukemia kali zinazomwangusha mtu kwa majuma, ziko lukemia za taratibu, ziko limfoma za tezi, na iko mayeloma inayokula mifupa. Anayesema dawa fulani inatibu "saratani ya damu" bila kutaja ni ipi hajasema neno.

Kijana wa Kalokol ana lukemia ya taratibu ambayo siri yake imejulikana kuliko nyingine zote. Mwaka 1960 watafiti wawili wa mji wa Philadelphia, Peter Nowell na David Hungerford, waliona kwamba seli za wagonjwa hawa zina kromosomu moja iliyo fupi kuliko kawaida. Mwaka 1973 mama mmoja mtaalamu wa Chicago, Dkt. Janet Rowley, akaeleza sababu yake: kromosomu ya 9 na ya 22 zimekatika na kubadilishana vipande. Hapo jeni mbili zisizohusiana huunganika, na muungano huo hutoa protini inayoziamuru seli zizaliane bila kikomo, kama bomba la maji lililokatika koki.

Imatinibu, ambayo wengi huijua kwa jina la biashara la Glivec, ilitengenezwa kuifunga koki hiyo. Iliidhinishwa Marekani mwezi Mei 2001. Kabla yake, wagonjwa wengi waliishi miaka michache tu. Leo, anayeipata dawa na kuimeza ipasavyo anaweza kutarajia umri unaokaribia wa watu wengine. Wagonjwa wengi wa nchi maskini, wakiwemo wa Afrika Mashariki, waliipata bila malipo kupitia mpango wa kampuni ya Novartis na shirika la Max Foundation. Kijana anayefungasha samaki Kalokol leo, lau angeugua mwaka 1990, hadithi yake ingekuwa nyingine.

Ila imatinibu ina upungufu. Kila mwenye shamba anajua kwamba ukikata mgomba, kisiki hubaki ardhini, na baada ya siku machipukizi hutoka. Imatinibu hukata mashina, lakini baadhi ya seli mama za lukemia hulala ndani ya uboho, na zikiwa zimelala dawa haizipati. Ndiyo maana wagonjwa walio wengi huendelea kuimeza kwa miaka. Hapa ndipo kidonge cha kisukari kilipoingia.

Walichofanya Wafaransa

Mwaka 2015 kundi la watafiti wa Ufaransa walichapisha habari zao katika jarida la kisayansi la Nature. Dawa waliyoitumia ni pioglitazoni. Hii pia ni dawa ya kisukari, lakini siyo metformini ambayo bibi anaimeza. Ni dawa mbili tofauti kwa jina, kwa kazi na kwa madhara. Ujumbe wa simuni ulizichanganya zote katika neno moja, "vidonge vya sukari".

Watafiti walionyesha kwamba pioglitazoni hupunguza nguvu ya mambo yanayozifanya seli mama za lukemia zilale. Seli zikiamka, imatinibu huzikuta. Ni kama kukichokoza kisiki kichipue huku jembe limeinuliwa. Wakawapa dawa hiyo kwa muda wagonjwa watatu, ambao wote walikuwa wakitumia imatinibu lakini mabaki ya lukemia yalikuwa hayajaisha. Wote watatu wakafikia hali ambayo vipimo havikuona tena alama ya lukemia, na hali hiyo ikaendelea baada ya pioglitazoni kusimamishwa, kwa mmoja wao hadi karibu miaka mitano.

Habari hiyo ilistahili kufurahiwa. Mwaka 2017 ukafuata uchunguzi wa wagonjwa 24. Baada ya miezi 12 ya kuongezewa pioglitazoni, asilimia 56 walifikia kiwango cha ndani kabisa cha kupungua kwa lukemia, wakilinganishwa na asilimia 23 ya wagonjwa wa namna yao waliobaki na imatinibu pekee. Lakini wagonjwa hao hawakugawanywa kwa kura, na idadi yao ni ndogo. Kwa hivyo wataalamu wakasema njia hii inatia matumaini na inahitaji kuchunguzwa zaidi. Hawakusema ni matibabu ya kawaida, na hadi leo si matibabu ya kawaida.

Mama yetu, angalia neno lililokatwa na ujumbe wa simuni. Wagonjwa wale wote, watatu wa kwanza na 24 wa baadaye, waliendelea kumeza imatinibu. Kidonge cha kisukari kiliongezwa juu ya dawa yao, hakikuchukua mahali pake. Kisiki kinachoamshwa pasipo jembe kitafanya nini, kama si kuota?

Na pioglitazoni si kidonge cha kuchezea. Huweza kujaza mwili maji na kumzidishia aliye na udhaifu wa moyo, na imatinibu nayo ina tabia ya kuvimbisha macho na miguu, kwa hivyo mbili hizo pamoja zinahitaji jicho la daktari. Huweza pia kudhoofisha mifupa, hasa ya wanawake. Mwezi Juni 2011 Ufaransa hiyohiyo ilisimamisha matumizi yake kwa wagonjwa wa kisukari kwa hofu ya saratani ya kibofu cha mkojo.

Na metformini ya bibi?

Metformini nayo ina ukoo wa mmea. Inatokana na elimu ya galega, majani yaliyotumika Ulaya tangu zamani. Iliundwa Dublin mwaka 1922, ikasahauliwa, hadi Dkt. Jean Sterne wa Paris alipoitumia kwa wagonjwa wa kisukari na kuchapisha matokeo yake mwaka 1957. Leo imo katika orodha ya dawa za lazima ya Shirika la Afya Duniani, na mamilioni ya watu huimeza kila siku. Hulizuia ini lisimwage sukari nyingi katika damu, na hupunguza kiasi cha insulini kinachozunguka mwilini. Kwa kuwa saratani nyingi hupenda sukari na insulini, wataalamu walijiuliza kama metformini inaweza kuzinyima chakula.

Mwaka 2005 watafiti wa Scotland walitangaza kwamba wagonjwa wa kisukari waliotumia metformini walipata saratani kwa uchache kuliko wenzao. Mwaka 2015 watafiti wa St. Louis, Marekani, waliwachunguza wanajeshi wastaafu wapatao 2000 wenye kisukari ambao damu yao ilikuwa na protini isiyo ya kawaida, hali inayoweza kutangulia mayeloma. Waliotumia metformini kwa miaka minne au zaidi walikuwa na uwezekano uliopungua kwa takriban nusu wa kufikia mayeloma yenyewe.

Hapo mtu atasema, basi kuna nini tena? Kuna mambo mawili. La kwanza, wastaafu wale walikuwa na kisukari, na hawakuwa bado na saratani. La pili, anayemeza dawa kwa miaka minne sharti awe ameishi miaka minne. Ukiwalinganisha waliodumu na dawa na wale ambao hawakuitumia, unaweza kuisifu dawa kwa jambo ambalo ni la afya yao tangu mwanzo. Wenye elimu ya takwimu wameonyesha kwamba sehemu ya sifa za metformini zilitokana na kosa hili.

Njia ya kujua ukweli ni kuwagawa watu kwa kura, nusu wapewe dawa, nusu wapewe kidonge kisicho na kitu, kisha wangojewe. Kazi hiyo ilifanywa kwa saratani ya matiti, kwa wagonjwa wasio na kisukari 3649 wa Kanada, Uswisi, Marekani na Uingereza. Walimeza metformini au kidonge kitupu kwa miaka mitano. Matokeo yalitolewa mwaka 2022: metformini haikuzuia saratani kurudi kwa wengi wao. Jambo lililopendeza maabarani halikusimama mwilini. Sababu mojawapo ni kwamba maabarani seli mara nyingi humiminiwa metformini nyingi kuliko kiasi kinachoweza kufika katika damu ya mtu aliye hai.

Wakaazi wa Kalokol hawahitaji kufundishwa somo hili. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ulijengwa katika mji wao, kwa msaada wa Norway, mtambo mkubwa wa kugandisha samaki kwa barafu. Kwenye karatasi hesabu ilikuwa nzuri. Jangwani, ambako jua ni kali na maji safi na umeme ni adimu, kugandisha samaki kulikuwa ghali kupita bei ya samaki mwenyewe, na mtambo haukudumu. Kisha maji ya ziwa yakarudi nyuma. Watu wakaendelea na samaki wa kukaushwa kwa jua, kama walivyofanya wazee wao. Hakuna aliyedanganya. Ila mahali pa kazi ndipo penye hukumu, na kwa dawa, mahali pa kazi ni mwili wa mgonjwa.

Uvumi huanzia wapi

Iko sababu nyingine inayofanya watu waamini, nayo ni ya haki. Baadhi ya wagonjwa wa lukemia kali, limfoma na mayeloma hupewa prednisoloni au deksamethasoni kama sehemu ya tiba. Dawa hizo hupandisha sukari, hata kwa mtu ambaye hajawahi kuwa na kisukari. Daktari akiona hivyo huweza kumwandikia metformini au insulini. Jirani anayekuja kumjulia hali mgonjwa huona kidonge anachokifahamu kando ya kitanda. Mgonjwa akipata nafuu, jirani hutoka na habari kwamba ametibiwa kwa dawa ya sukari. Hakusema uongo kuhusu alichokiona, bali hakuona yote.

Yaliyo mikononi mwetu

Tungependa kuwaachia akina mama na familia mambo ya kushika, kwa kuwa mgonjwa wa maradhi marefu huuguzwa nyumbani zaidi kuliko hospitalini.

La kwanza ni kidonge cha kila siku. Huko London, madaktari waliwafuatilia wagonjwa 87 wa lukemia hii kwa chupa zenye kifaa kinachohesabu kila kifuniko kinapofunguliwa. Waliomeza zaidi ya tisa ya kumi ya vidonge vyao walikuwa na uwezekano wa asilimia 94.5 wa kufikia kiwango kizuri cha kupungua kwa lukemia katika miaka sita. Waliopungukiwa na kiwango hicho walikuwa na asilimia 28.4 tu. Moja ya kumi ni vidonge vitatu kwa mwezi. Safari moja iliyoahirishwa, arusi moja, msiba mmoja, na vitatu vimepita. Basi mwanao akisafiri, dawa isafiri mfukoni mwake, isiwe katika mzigo unaowekwa juu ya gari.

La pili ni joto. Kalokol si Lamu, na bati la Kalokol si makuti. Dawa nyingi hutakiwa zikae chini ya nyuzijoto 30. Usiviweke vidonge dukani chini ya bati wala ndani ya gari lililosimama juani. Viwekwe katika chupa yake, pahali penye kivuli na pakavu, na mfamasia aulizwe namna bora ya kuvihifadhi.

La tatu ni Ramadhani. Imatinibu humezwa pamoja na chakula na maji mengi. Aliye na kipimo kimoja kwa siku na afya yake ikiruhusu huenda akaweza kukihamishia wakati wa futari, lakini uamuzi huo si wake peke yake. Amuulize daktari wake kabla ya mwezi kuandama, na amuulize mwanachuoni anayemwamini. Mgonjwa ana ruhusa katika dini yetu, na kuikataa ruhusa hadi kujidhuru si uchamungu. Mwenye kisukari naye asijipangie mwenyewe.

La nne ni uja uzito. Imatinibu inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Binti au mke anayeitumia na anayetaka kuzaa azungumze na daktari kabla, wala asiache dawa kwa siri.

La tano ni safari. Ulizeni kliniki kama inawezekana mgonjwa aliyetulia apewe dawa za muda mrefu zaidi, au kama baadhi ya vipimo vinaweza kuchukuliwa katika Hospitali ya Rufaa ya Kaunti mjini Lodwar. Hakikisheni familia nzima imejiandikisha katika Mamlaka ya Afya ya Jamii, iliyochukua mahali pa NHIF mwezi Oktoba 2024, na muulize inagharimia nini katika matibabu yake. Kuomba kupunguziwa njia si utovu wa adabu. Daktari asiyejua kwamba nauli inawashinda hawezi kuwasaidia, na mara nyingi mgonjwa hupotea kwa sababu aliona haya kusema hana nauli.

La sita ni kusema kweli. Kama mgonjwa amekwisha kumeza metformini, au maji ya majani, au unga wa mitishamba, amwambie daktari bila kificho. Metformini kwa mtu mwenye figo dhaifu inaweza kusababisha asidi kujaa katika damu, na hali hiyo huua. Nasi tunawaomba waganga nao wapokee maungamo hayo kwa upole, ili mtu asifiche mara ya pili.

Na mgonjwa wa lukemia akipatwa na homa, akitokwa na damu isiyokoma, au tumbo la kushoto likianza kujaa tena, asingoje tarehe ya kliniki. Aende hospitali iliyo karibu siku hiyohiyo.

Bahasha ya bibi

Tulimpigia simu Mama wa Kalokol kabla ya kuandika makala haya, kwa kuwa jibu lake lisingeweza kungoja siku ya kuchapishwa. Alitusikiliza mpaka mwisho. Akatuambia kwamba bahasha ilikuwa imekwisha kufika kwa basi siku ya Alhamisi, naye alikuwa ameiweka kabatini, akisubiri neno letu. Vidonge vilikuwa 60.

Tukamuuliza, bibi alibakiwa na vingapi? Akanyamaza. Hakuwa amelifikiria hilo, na sisi pia tulilifikiria tukiwa tayari tumeshika simu. Anayemeza asubuhi na jioni, vidonge 60 ni mwezi wake mzima. Baadaye jioni akatupigia yeye. Alikuwa amezungumza na mavyaa wake, na bibi alikiri kwamba alikuwa amepunguza vyake hadi kimoja kwa siku ili mjukuu apate vya kutosha. Miguu ilikuwa imeanza kumchonyota, na usiku alikuwa akiamka mara kwa mara kwenda haja ndogo.

Basi bahasha imerudi Mombasa kwa mkono wa jamaa aliyekuwa akiteremka Pwani. Kijana ameendelea na kidonge chake, na tarehe yake ya kliniki iko mbele. Bibi amehimizwa aende kupimwa sukari juma hili, na mkewe mdogo wa mwanawe amejitolea kumsindikiza. Mapenzi ya bibi yule hayakuwa na kosa, nasi twamwombea malipo mema kwayo. Ila amana ya kila mgonjwa ni dawa yake mwenyewe.

Huenda ikafika siku daktari wa kijana huyu akamwambia kwamba uchunguzi umekamilika, na kidonge fulani cha kisukari sasa kina mahali katika tiba yake. Siku hiyo ikifika, ataandikiwa kwa jina, kwa kipimo na kwa muda, naye atakimeza pamoja na dua. Hadi siku hiyo, tunamwomba Mwenyezi Mungu amponye yeye na bibi yake na wagonjwa wetu wote, awasahilishie safari wanaosafiri kutafuta matibabu, na awajaalie subira wanaowauguza. Amin.